Solo ya "Autumn Leaves" kwa mpiga benga: anza na uzi wa tatu

Omera, umeuliza mambo mawili: utumie skeli (mpangilio wa noti) gani juu ya kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya wimbo wa jazi "Autumn Leaves", na mbona solo yako inasikika kama mtu anayepanda na kushuka ngazi ilhali hukosei noti. Nitaanza na la pili, maana ukilipata hilo, skeli zitajipanga zenyewe.

Tushike E maina, inakaa vizuri kwenye gitaa. Vipimo vinane vya mwanzo (kila kimoja mapigo manne) ni Am7, D7, Gmaj7, Cmaj7, F#m7b5, B7, halafu Em vipimo viwili. Sasa isikilize melodi ambayo Joseph Kosma aliitunga Ufaransa mwaka 1945. Kila sentensi inapanda noti tatu kisha inatua: C juu ya Am7, B juu ya Gmaj7, A juu ya F#m7b5, G juu ya Em. Kila inapotua ni noti ya tatu ya kodi ukihesabu kutoka noti inayoipa jina, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina. Zote nne unazipata kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba: freti ya 5, ya 4, ya 2, halafu uzi wazi. Usiguse solo kabla hujaweza kuipiga melodi hii bila kutazama karatasi.

Sasa ongeza uzi wa pili. Am7: uzi wa tatu freti ya 5, wa pili freti ya 8. D7: 5 na 7. Gmaj7: 4 na 7. Cmaj7: 4 na 5. F#m7b5: 2 na 5. B7: 2 na 4. Em: uzi wa tatu wazi, wa pili freti ya 5. Umeona? Hadi B7, kila kodi ikibadilika ni noti moja tu inayohama, freti moja au mbili; ni mwisho tu, kuingia Em, ambapo zinahama zote mbili. Jozi hizi ni noti ya tatu na ya saba za kila kodi (kwenye Em nimeweka E yenyewe, ili utulie). Zipige peke yake, bila besi, na anayeujua wimbo ataufuata.

Mkono wa mpiga benga hautazishangaa. Gitaa la benga lilijifunza kwa nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na kuvunja kodi noti moja moja ndiyo kazi yake ya kila siku. Kinachokuangusha ni tabia nyingine: kwenye benga kodi ni chache na zinazunguka, hivyo kipande kimoja kinaweza kurudiwa juu ya zote. Hapa kodi inabadilika kila kipimo, na wimbo unateleza kutoka G meja kwenda E maina. Pentatoniki ya E maina, skeli ya noti tano, ina E, G, A, B na D. Haina D#, na D# ndiyo noti ya tatu ya B7. Ukikalia D hapo wakati mpiga kinanda anashikilia D#, zinakwaruzana na Em inayofuata haipati mlango wa kuingilia. Ngazi unayoisikia ni hiyo.

Kwenye B7 basi, piga D#, F#, A na C. Umbo lake: uzi wa nne freti ya 1, wa tatu ya 2, wa pili ya 1, wa kwanza ya 2. Ukilisogeza juu freti tatu, unapata noti zilezile kwa mpangilio mwingine.

Sasa zizingire noti unazozilenga. Pigo la nne la D7, kwenye uzi wa tatu, piga freti ya 5 kisha ya 3, nusu pigo kila moja, utue freti ya 4 pale Gmaj7 inapoingia. Ukichelewa, ile freti ya 3 ndiyo itakayoangukia pigo la kwanza, na itasikika kama kosa kwa sababu hapo ni kosa. Kuingia B7 fanya vivyo hivyo kwenye uzi wa pili: 5, 3, halafu 4. Ile freti ya 3 ni D iliyokuwa ikikwaruza. Sasa inafaa kwa sababu inapita tu.

Mdundo unataka subira zaidi ya noti. Weka metronomu ya simu kwenye 60 na kila mlio uuhesabu kama pigo la pili au la nne. Kasi yako halisi ni 120. Mzunguko wa kwanza piga noti za tatu pekee, wa pili jozi, wa tatu uzizingire. Kisha jizuie kuanza kila sentensi kwenye pigo la kwanza, na katika kila vipimo vinne acha kimoja kitupu kabisa. Mkono uliozoea kujaza kila nafasi utaona kimya hicho ni kirefu mno. Kiache hivyo hivyo.

Wimbo una vipimo 32, na vinane vya mwisho havifanani kwenye vitabu vyote: wengine wanashuka Em7, Eb7, Dm7, Db7, kodi mbili kwa kipimo, wengine wanabaki Em. Muulize mpiga besi kabla hamjaanza. Akishuka nawe umebaki, hata jozi zako safi zitagongana naye.