Intaneti ya ofisi inakata kila mchana? Pima kwanza, ndipo ununue

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu ofisi yake ya watu saba Kariakoo, yenye faiba ya megabiti 20. Kila siku ikifika saa tano asubuhi mtandao unaanza kusumbua, na jioni unatulia wenyewe. Ameshahama kampuni ya intaneti mara mbili na kununua ruta tatu. Inauma kuona fedha ya biashara ndogo ikienda hivyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya mafundi waliokuja aliyepima kitu.

Kupima hakuna gharama. Chukua kompyuta moja ya Windows, iunganishe na ruta kwa waya, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) na uandike ipconfig. Namba iliyo mbele ya "Default Gateway" ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Fungua madirisha mawili ya cmd. La kwanza liandikie ping -t 192.168.1.1, la pili ping -t 8.8.8.8, uyaache tangu asubuhi. Ping huuliza kifaa kama kipo na kupima kimechukua muda gani kujibu; 8.8.8.8 ni anwani ya Google, iliyo nje ya ofisi. Mtandao ukikata, usiguse kitu. Tazama.

Ruta yenyewe ikiacha kujibu, tatizo liko ndani ya ofisi yako na kampuni haihusiki. Ruta ikijibu chini ya milisekunde 1 huku 8.8.8.8 iko kimya, tatizo limevuka ruta kwenda nje. Zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki, mara nyingi ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba: ingia kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani kwa vifaa), uweke 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Waya ukiwa mzima na laptop za WiFi tu ndizo zinazokata, basi shida iko hewani.

Kuna hali nyingine inayowadanganya wengi: 8.8.8.8 inajibu, lakini kwa milisekunde 700 au 900. Hapo laini haijakatika, ina foleni, na mara nyingi foleni hiyo iko upande wa kupandisha, yaani kutuma data nje. Simu za wafanyakazi zinapeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapandisha mafaili, na kamera nne za ulinzi zikipeleka nje megabiti 2 kila moja, 8 zimeshakwenda. Kompyuta inayopakua nayo hulazimika kurudisha taarifa kwamba imepokea, kwa hiyo njia ya kupanda ikijaa hata kupakua kunakwama. Dawa yake si kifurushi kikubwa zaidi. Pima spidi mara tatu ofisi ikiwa tupu, kisha weka kikomo ndani ya ruta kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopata. Ruta ikiwa na SQM, kipengele kinachopanga foleni ya data, iwashe.

Kwa msomaji huyu, hata hivyo, hiyo saa tano inaelekeza pia kwa wateja wanaoingia na simu zao. Ofisi inayobandika nywila ya WiFi ukutani hugawa anwani kwa kila simu inayoingia. Ruta nyingi ndogo zimepangiwa fungu dogo, tuseme 192.168.1.100 hadi 150, yaani anwani 51, na kila moja hushikiliwa saa 24 hata mteja akishaondoka. Zikiisha, anayefika baadaye haunganishwi, au kompyuta yake inajipa anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, umempata mwizi. Panua fungu liwe 20 hadi 250, punguza muda wa kushikilia uwe saa 2, na wageni wapewe mtandao wao.

Sasa waya, sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Kebo ya bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, usiivute ukutani. Nunua Cat5e ya shaba tupu na usizidishe mita 100. Kwenye RJ45 (kichwa cha plastiki cha mwisho wa kebo) fuata mpangilio huu ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usikubali fundi akuambie rangi yoyote ni sawa mradi ncha zifanane. Kipimo cha taa kitawasha zote 8, lakini jozi za nyuzi zilizosokotwa pamoja zikiwa zimevunjwa data itapotea njiani. Kompyuta ikionyesha spidi ya megabiti 100 badala ya 1000 kwenye vifaa vya gigabiti, kuna uzi kati ya 8 haushiki.

WiFi ya 2.4 GHz iwe chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Laptop zilizo karibu zihamie 5 GHz. Ruta isikae ndani ya kabati la chuma.

Ukurasa wa ruta unaonyesha imewaka kwa muda gani. Ukikuta dakika 40 wakati hakuna aliyeizima, kagua adapta (chaja ya ruta) kabla ya kitu kingine, kwani ikichoka volti hushuka na ruta hujiwasha upya. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 huziba mikatiko mifupi ya umeme, lakini ilishe kisanduku cha faiba pia, kile kinachopokea waya wa kampuni, si ruta peke yake.

Kisanduku hicho kikiwasha taa nyekundu ya LOS, mwanga unaobeba data ndani ya faiba haufiki. Angalia kama waya wa faiba umekunjwa kwa ukali nyuma ya meza. Kama hakuna taa nyekundu, omba kampuni ikusomee nguvu ya mwanga: ikishuka chini ya dBm -27 (dBm ni kipimo cha nguvu hiyo; -28 ni hafifu kuliko -27) laini itayumba, na hapo wana wajibu wa kuja.

Kuna siku kosa litakuwa mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikasota. Laini ya akiba ya 4G haisaidii ikiwa kampuni yake inategemea nyaya zilezile, kwa hiyo uliza hilo kabla ya kulipia.

Ukipiga simu huduma kwa wateja, uwe na karatasi yenye saa ya kila mkatiko, ruta ilijibu nini na 8.8.8.8 ilijibu nini. Wakikwambia zima uwashe, wasomee.