Jibu: Kibali cha kuwatilia sumu kunguru

Salaam aleikum ndugu. Umeuliza kama hapo Kisauni, Mombasa, waweza kuwatilia sumu kunguru wanaokumalizia vifaranga, na kibali chatoka wapi.

Sumu usiiguse, tafadhali. Ile ya kunguru, Starlicide, huagizwa kwa leseni na kutegwa chini ya usimamizi wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kama katika mpango wao wa 2024 wa kuwapunguza kunguru. Si ya kununua ukajitilie mwenyewe. Jirani yangu alimwaga nyama yenye dawa ya shambani. Jioni nikamwokota paka wangu chini ya mwembe, povu mdomoni. Kunguru walikuwa juu wanalia tu.

Kwanza mtazame kunguru shingo. Kunguru wa India, yule mgeni msumbufu, ana kijivu shingoni. Mwenye kifua cheupe ni wetu wa asili, huyo mwache. Kisha nenda ofisi ya KWS na picha, uwaeleze wanapolala. Mie nilipeleka picha za viota viwili, kimoja kimesukwa kwa vipande vya waya.

Kwa sasa vifaranga wafunike kwa tenga. Na matumbo ya samaki usiyaache wazi jaani: nilipoanza kuyafukia, uani kwangu walipungua.