Maswali ya Kipupwe: Udongo wa Chunguni na Mkono wa Kumwagilia

Kipupwe kimeingia na simu yangu haipumziki. Maswali mengi ya safari hii ni swali moja: mmea uko chunguni, baridi imeanza, majani yanaanguka, nifanyeje? Nimechagua machache. Ambao sijawajibu, someni majibu mawili ya mwanzo kwa utulivu, mtajikuta humo.

Mwalimu, pilipili hoho zangu ziko kwenye ndoo barazani. Tangu mwezi wa sita majani yanageuka njano na kudondoka. Nazimwagilia kila asubuhi bila kukosa lakini hazipati nafuu. Niongeze maji? (Limuru)

Usiongeze. Acha kabisa kwa sasa.

Hili nalijibu kila mwaka, na kila mwaka watu wanaua mimea kwa huruma. Limuru mwezi wa saba hamlioni jua, kuna ukungu na manyunyu, hewa yenyewe imejaa maji. Mmea wa namna hiyo hunywa kidogo sana, na udongo wa ndoo hauna pa kukaukia. Wewe unamwaga tena asubuhi kwa sababu ni asubuhi. Mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Ukizibwa hewa siku nyingi unaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya hata ukiwa umezama. Ndiyo maana mmea ulio ndani ya tope hunyauka sawasawa na ule wenye kiu. Mwenyewe akiona unanyauka, anaongeza maji.

Chomeka kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo unaonata, ondoka. Jifunze pia kunyanyua ndoo: inyanyue siku uliyomwagilia, inyanyue tena baada ya siku nne, mkono wako utajua tofauti kuliko kalenda yoyote. Ukitaka kuhakikisha hali ilipofikia, laza ndoo ubavu, utoe mmea taratibu, ushike mzizi mmoja kati ya vidole viwili na kuuvuta. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu, unanukia ardhi. Uliooza ni wa kahawia, na ganda lake linakuvukia mkononi kama soksi, unabaki na kiuzi chembamba. Kata yote ya namna hiyo kwa kisu safi, punguza na matawi, hamishia kwenye chombo kidogo zaidi chenye udongo mpya, uweke upenuni manyunyu yasipofika. Mmea ukibaki na theluthi ya mizizi unaweza kurudi. Ukikuta yote ni soksi, tupa na usiutumie tena udongo huo kwa pilipili wala nyanya.

Udongo gani unafaa? Nimechota shambani kwetu udongo mweusi, mahindi yanastawi sana pale, lakini chunguni umekuwa kama tofali. (Arusha)

Swali zuri, na laiti lingeulizwa kabla ya kuchota.

Udongo wa shambani ni mzuri ukiwa shambani. Pale una kina, una nyungunyungu, una mizizi ya miaka inayoutoboa, na maji yana njia ya kuzama chini. Ukiutia kwenye chungu cha futi moja na kuumwagilia kwa mwezi, chembe ndogo hushuka na kujibana, matundu ya hewa hufungwa. Wakati wa jua kali unaweza usione madhara, kwa kuwa maji hukauka haraka. Kipupwe ndicho kinachoufichua.

Mchanganyiko wangu wa nyanda za juu ni huu: ndoo 2 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, ndoo 1 ya udongo wa juu, ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi, na nusu ndoo ya changarawe ndogo au yale mawe mepesi ya volkano. Watu wa Arusha mawe hayo mnayakanyaga kila siku. Pumba zikigeuka jivu jeupe umepitiliza, maana jivu jingi huharibu uchachu wa udongo. Ukitumia mchanga, uwe wa mtoni na wenye punje kubwa. Ule mwembamba wa kupigia lipu huziba, na wa baharini una chumvi.

Kisha jaribu. Lowanisha kidogo, chukua konzi moja, ifinye, ufungue mkono. Ikibaki donge kama ugali, ongeza pumba na changarawe. Ikimwagika yote kati ya vidole, ongeza mboji. Unayoitaka ni ile inayoshika umbo lakini ukiigusa kwa kidole cha gumba inapasuka. Halafu jaza chungu na umwagilie: maji yaanze kutoka chini ndani ya dakika moja hivi. Yakisimama juu kama bwawa, hujamaliza kazi.

Kuhusu mboji, naomba mniamini kwenye hili: pua haidanganyi. Iliyoiva inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ikinukia mkojo au mayai, rudisha lundoni. Miaka kadhaa nyuma nililetewa lori la "mboji" na muuzaji mmoja, nikaona ni nyeusi nikaridhika bila kunusa. Ilikuwa samadi ya kuku ya majuma machache. Miche yangu ya stroberi iliungua mizizi yote, na mwanzo niliilaumu baridi.

Na msinunue udongo wa msituni. Wanaouuza kando ya barabara wanaukwangua chini ya miti iliyouhitaji, na mkinunua ninyi ndio mnaowatuma.

Mama alinifundisha kuweka mawe chini ya chungu ili maji yatoke. Fundi bustani hapa anasema ni makosa. Nani mkweli? (Kisumu)

Mama alikuwa na nia njema, lakini fundi yuko sahihi. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe mpaka udongo ulio juu ya mawe ushibe kabisa. Kwa hiyo mawe yanalinyanyua lile tabaka lenye tope na kulisogeza karibu na mizizi. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Inadondosha tena, na hukuikamua. Chungu kirefu kilichojaa udongo mmoja tangu chini mpaka juu ndivyo kinavyofanya kazi. Tundu la chini lifunike kwa kipande cha wavu au kigae kimoja udongo usimwagike, basi. Na ile sahani ya chini imwage maji kila baada ya kumwagilia. Chungu kilichokalia maji ni sawa na chungu kisicho na tundu.

Huku kwetu maranda ya mipaini ni ya bure kwenye mashine za mbao. Naweza kujazia vyungu? (Mafinga)

Mabichi, hapana. Vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni yote iliyomo udongoni na mmea wako unabaki njano. Yarundike pamoja na samadi, ugeuze kila baada ya wiki mbili au tatu, uyape mwaka. Yakishakuwa meusi na kumeng'enyeka ni mali safi, na Mafinga mna utajiri ambao wengine tunaununua.

Naweka mbolea ya DAP kijiko kimoja kila wiki ili mmea upate nguvu ya kupambana na baridi. (Nakuru)

Simamisha leo. Mmea uliopunguza kasi hauli, na mbolea isiyoliwa inabaki chunguni kama chumvi na kuunguza mizizi. Ukiona ukoko mweupe ubavuni mwa chungu, ndiyo hiyo. Subiri siku moja yenye jua, pitisha maji mengi mara moja yatoke chini, kisha uache pakauke. Lishe irudi mwezi wa tisa machipukizi yakianza, na iwe nyepesi.

Nyanya zangu za kwenye viroba zilikuwa na weupe kama chumvi alfajiri. Ilipofika saa nne majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mume wangu anataka tukate yote. (Makete)

Pole sana, mama. Hiyo ni sakitu, na ninyi mnaokaa jirani na uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya bahari, mnaijua kuliko wengi wetu. Maji yaliyomo ndani ya jani yameganda na kulipasua. Jua lilipotoka likaonyesha tu kilichokwisha tokea.

Mwambie baba asubiri wiki moja. Shina likiwa kijani karibu na udongo, linaweza kuchipua, na yale majani yaliyokufa yanalifunika usiku. Likiwa jeusi na teketeke mpaka chini, ng'oeni, nyanya haivumilii sakitu.

La muhimu ni usiku ujao. Sakitu huja anga likiwa wazi, nyota zinang'aa na upepo umetulia: joto la ardhi linapaa, na jani linapoa kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana mtu anaapa kipimajoto chake kilisoma nyuzijoto 2 au 3 na bado mimea imeungua. Kwa hiyo ukiona jioni ya namna hiyo, sogeza viroba upenuni, ukutani. Hewa ya baridi hutiririka bondeni kama maji, usiviache sehemu ya chini ya kiwanja. Mwagilia udongo mchana, majani yabaki makavu, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Tazama, hapa ndipo pekee ninapokuruhusu kumwagilia kwa sababu ya baridi. Jua likizama funika kwa shuka kuukuu au magunia yaliyoinuliwa kwa vijiti na kufika chini kabisa, ili joto la ardhi linaswe humo. Nailoni isiguse majani, maana pale inapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi funua.

Wa Kinangop na Nyahururu, sakitu yenu huwapata zaidi kati ya Desemba na Februari, usiku wa kiangazi ukiwa mweupe. Msijisahau kwa kuwa Julai imepita salama.

Nimesoma kwamba mmea wa ndani uwekwe dirisha la kusini wakati wa baridi. Wangu unazidi kurefuka na kupauka. (Mbeya)

Umesoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini. Hamishia dirisha la kaskazini leo hii. Nawaomba, kabla hamjafuata maelekezo ya mtu, ulizeni anaishi wapi.

Usiku naingiza vyungu vyote chumbani na kuwasha jiko la mkaa ili mimea na sisi tupate joto. Kuna mimea isiyopenda moshi? (Njombe)

Ndugu yangu, acha habari ya mimea. Toa hilo jiko nje usiku wa leo. Mkaa ukiwaka chumbani madirisha yamefungwa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mtu aliyelala haamki. Haijalishi kama moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu, hapo ndipo watu hudanganyika. Kila msimu wa baridi kuna familia zinazikwa kwa hili. Chukueni blanketi la ziada. Mimea iwekeni mbali kidogo na kioo cha dirisha, hewa ya ndani peke yake inaitosha.

Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa na mrihani wangu na asumini, nilizoea kutungia vikuba vya maua. Mrihani umeanza kuwa mweusi, asumini inapukutika. Nimefanya kosa gani, dada? (Nairobi)

Hujafanya kosa, umepandisha watoto wa pwani kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mrihani huanza kuumia joto likishuka karibu na nyuzijoto 10, na usiku wa Julai Nairobi hufika huko. Ingiza ndani, dirishani kwenye mwanga mwingi, na mwagilia asubuhi tu, kidogo. Kata vikonyo vitatu vinne vya urefu wa kidole, vitie kwenye glasi ya maji jikoni, vitatoa mizizi na utakuwa na akiba hata mama yake akifa. Kusanya na mbegu. Asumini ni ngumu kuliko inavyoonekana: iache ipukutike, iweke pakavu, usiikate sasa. Mwezi wa tisa ndipo uipogoe na kuibadilishia udongo. Itachanua, ila usiitegemee harufu yake Agosti.

Niko Minneapolis. Nina mchaichai na sukuma wiki kwenye vyungu vya udongo nje. Vitapita majira ya theluji? (Marekani)

Havitapita. Mzizi ulio ardhini umezungukwa na joto la ardhi, wa chunguni unaganda kutoka pande zote. Sukuma wiki inastahimili baridi za mwanzo na hata inaongezeka utamu, kwa hiyo ivune na uile. Mchaichai ukate ubaki shibiri moja kabla ya baridi ya kwanza ya kugandisha, uingize ndani, na kwako wewe dirisha la kusini ndilo sahihi. Maji kidogo mno mpaka machipuko. Udongo wa mifuko wa huko ukikauka kabisa hukataa maji, yanapita pembeni tu, basi kalisha chungu kwenye beseni kwa nusu saa unywe kutoka chini, kisha kitoe. Hewa ya nyumba zenye hita ni kavu na huleta utitiri mwekundu, osha mgongo wa majani bafuni kila wiki. Vyungu vitupu vimwage udongo na uvihifadhi vikavu: maji yakiganda hutanuka kiasi cha asilimia 9, na udongo wa kuchoma hupasuka.

Nina madumu ya dawa ya kuulia wadudu, nimeyaosha kwa sabuni mara tatu. Nipande sukuma wiki? (Iringa)

Hapana, wala maua. Dawa imeingia kwenye plastiki yenyewe. Toboa kila dumu chini na ubavuni, ili hata mtoto wa jirani asije akalichotea maji.