Kusoma chati za kripto ni kupiga ramli?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa Mbagala, nauza vifaa vya simu Kariakoo. Nimejifunza kusoma chati za Bitcoin na sarafu nyingine za kidijitali: mishumaa, mistari ya mwelekeo, kipimo cha RSI, na mchoro wa bei unaoitwa kichwa na mabega. Nikishachambua naona bei itapanda au itashuka, na mara nyingi inakuwa hivyo. Nafanya biashara ya fyucha (mikataba ya kupanda na kushuka kwa bei) kwa levareji, yaani kwa kiasi kikubwa kuliko pesa niliyoweka, na nina kundi la Telegram ambalo watu hunilipa shilingi 20,000 kwa mwezi niwape signali, yaani ishara za lini wanunue au wauze. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha Qur'ani, anasema hiyo ni ramli tu, haina tofauti na mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme, na kwamba swala zangu za siku arobaini hazipokelewi. Mimi kila nikitaka kuingia sokoni huswali istikhara kwanza. Je, hapa kuna kudai ghaibu, yaani kujua yaliyofichika? Na pesa niliyokwisha kuipata ina hukumu gani? Mama naye amenipa akiba yake ya kikoba niizungushe humo humo.

JIBU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Mjomba wako usimwone mshamba. Hadithi anayokukumbusha ni sahihi, ameipokea Imamu Muslim: mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake masiku arobaini. Na katika Suratu Luqman, aya ya 34, Allah anasema kwamba hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho. Mtu anayekaa usiku kucha mbele ya simu akitafuta atachuma nini kesho, aya hiyo inamhusu kuliko wengi wetu.

Hata hivyo wanazuoni wetu wa usuli wametufundisha kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Basi tukitazame. Mshumaa mmoja kwenye chati unaonyesha bei nne za kipindi fulani: iliyofungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa na iliyofunga. Uchoraji huu unahusishwa na wafanyabiashara wa mchele wa Japani wa karne ya 18, hasa Munehisa Homma. RSI aliitoa Mmarekani Welles Wilder mwaka 1978. Inapima, kwa kawaida katika vipindi 14, kupanda kwa bei kumekuwa na nguvu kiasi gani ukilinganisha na kushuka. Ni hesabu za kujumlisha na kugawanya, wala hakuna jini, bao wala nyota. Kila kilichomo kimeshatokea, na anayekisoma anasema: watu walipofika bei hii mara mbili zilizopita waliuza, huenda wakauza tena. Hiyo ni dhana, na sheria haikuharamisha mtu kujenga dhana juu ya alama.

Mfano wake ni mvua. Maswahaba walinyeshewa usiku wakiwa Hudaybiya. Asubuhi, baada ya swala, Mtume (s.a.w.) akawaeleza kwamba Mola wao amesema: miongoni mwa waja wangu wameamka wanaoniamini na wanaonikufuru, aliyesema tumepata mvua kwa fadhila za Allah na rehema zake, huyo ananiamini mimi na anaikana nyota, na aliyesema tumepata mvua kwa nyota fulani, huyo amenikufuru mimi na kuiamini nyota. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa tazama ufahamu wa Imamu Shafii, ambaye wengi wetu wa pwani hii tunafuata madhehebu yake. Katika kitabu chake al-Umm anasema kwamba mtu akikusudia tu kuwa mvua ilinyesha wakati wa nyota ile, kama mtu anavyosema tulipata mvua mwezi fulani, hilo si ukafiri, ingawa yeye anapenda zaidi watu waseme maneno mengine. Imamu Malik katika kitabu chake Muwatta akaweka, mara baada ya hadithi ya Hudaybiya, riwaya isemayo wingu likitokea upande wa bahari kisha likaelekea Sham, hilo ni la mvua nyingi. Sanadi yake (mlolongo wa wapokezi) ina maneno, lakini kuiweka kwake hapo kuna fiqhi. Ndiyo maana hakuna sheikh anayesema kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapotangaza utabiri wa masika wamedai ghaibu. Wamesoma joto la bahari na pepo, wakasema tunatarajia.

Kwa hiyo, kijana wangu, chati kwa asili yake si ramli, na mjomba wako mweleze hivyo kwa adabu. Inakuwa ramli, au mlango wake, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni nadra ila ipo. Wapo wanaochanganya bei na mwezi mpevu na mizunguko ya sayari. William Gann, mchambuzi wa Marekani ambaye vijana wengi wanatumia pembe zake za kuchora kwenye chati bila kumjua, alitumia unajimu kutabiri masoko. Yanayotoka kwenye nyota yaache yote, hata yakija yamevaa hesabu.

Ya pili ndiyo naiogopea kwako, nayo ni kudai yakini. Umeandika kwamba "mara nyingi inakuwa hivyo". Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu makuhani, yaani watabiri, akasema hao si kitu. Wakamwambia: lakini mara nyingine husema jambo likawa kweli. Akajibu kwamba neno hilo la kweli jini amelinyakua akalitia sikioni mwa mwandani wake, nao huchanganya humo uongo zaidi ya mia. Wewe si kuhani na huna jini, lakini udhaifu wa msikilizaji ni ule ule: lililosadifu hulikumbuka, yaliyokwenda kombo huyasahau. Mei 2022 sarafu ya LUNA iliporomoka kutoka dola zaidi ya 60 hadi chini ya senti moja katika muda wa wiki moja hivi. Novemba mwaka ule ule soko la sarafu za kidijitali la FTX likafilisika na Bitcoin ikashuka chini ya dola 16,000, ilhali mwaka mmoja kabla ilikuwa imekaribia 69,000. Waliokuwa na mistari yao ya msaada kwenye chati (bei wanayotarajia isishuke chini yake) walikuwa nayo, na bei ikaipita. Mwenye kusema "naona dalili ya kupanda, na Allah ndiye ajuaye" amesema kweli. Mwenye kuandika kundini "hii haikosi" amejipa asichonacho, hata akimalizia na inshaAllah.

Istikhara nayo ni sunna. Jabir (r.a.) amesema Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Lakini ni dua ya kumwachia Allah akuchagulie, na huenda alilokuchagulia ni kukosa faida hiyo. Ukiswali rakaa mbili kisha ukabonyeza kitufe kwa kujiamini zaidi, umeigeuza signali. Tena wanazuoni wamesema haiswaliwi kwa jambo la haramu, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Wewe na mjomba mmebishana juu ya chati, lakini kwangu zito ni mkataba unaoingia baada ya kufunga chati. Ukiweka dola 100 kwa levareji ya 20, unaendesha biashara ya dola 2,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 5, au hata pungufu kidogo, dola zako zote 100 zimekwenda. Hizo 1,900 ni za nani? Ama ni mkopo wa soko lenyewe, uliofungwa kwa sharti kwamba ufanyie biashara kwao wachukue ada yao, na Mtume (s.a.w.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha mwaka 2006, lilikataza biashara ya namna hii, na riba na hilo la mkopo na mauzo vikiwa miongoni mwa sababu zake. Ama ni namba tu, kama ilivyo katika fyucha hizi za kripto zisizo na tarehe ya mwisho: hununui sarafu, huuzi sarafu, mnalipana tofauti ya bei, na kwa kawaida kila baada ya masaa manane upande mmoja unatozwa kuulipa wa pili. Unapofungua "sell" (kuuza) unauza usichokuwa nacho, na swahaba Hakim bin Hizam alikatazwa hilo waziwazi. Hii siioni kuwa biashara. Ni karibu mno na maysir (kamari) ya Suratul Maida aya ya 90, na uchambuzi mzuri hauihalalishi, maana hata mcheza kamari hodari huchambua.

Kununua sarafu yenyewe kwa pesa yako na kuimiliki ni suala jingine, na humo wanazuoni wametofautiana. Mufti wa Misri aliikataza Bitcoin mwanzoni mwa 2018. Baraza la ushauri wa sharia la tume ya dhamana ya Malaysia likaruhusu mwaka 2020 kwa masoko yaliyosajiliwa. Hapa kwetu Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3. Tafadhali usiniletee hoja kwamba serikali inatoza kodi basi ni halali. Bia nayo inatozwa. Mimi nasema mwenye pesa ya ziada akifuata wanaoruhusu sitamlaumu, na asiye nayo aache.

Kuhusu kundi lako: kufundisha watu kusoma chati kwa ujira kunajuzu ukiwaambia ukweli. Kuwauzia uhakika ni ghushi. Na kama umewahi kununua kisarafu kidogo kwanza, kisha ukawaita kundini wanunue ili bei ipande wewe uuze, hiyo ni najshi aliyoikataza Mtume (s.a.w.). Kamisheni unayopata mtu akifungua akaunti ya levareji kwa kiungo chako, iache leo hii.

Faida ya levareji uliyoipata hapo nyuma hukujua hukumu yake. Natarajia inaingia katika maneno ya Allah kwa yule aliyefikiwa na mawaidha akakoma, kuwa yaliyopita ni yake (al-Baqara, 275). Lakini ada ulizochukua kwa kuahidi usichokijua ni haki za watu: warudishie, au waombe wakusamehe baada ya kuwaeleza bila kuficha.

Fedha za mama ni amana mkononi mwako. Katika qiradhi, yaani mmoja kutoa mali na mwingine kuifanyia biashara, mwenye kuendesha mali hadaiwi hasara ila akivuka mpaka. Sidhani mama alijua ni levareji. Na kama hakujua, wewe umevuka, nawe ni mdhamini wa kila shilingi. Funga biashara zilizo wazi, mweleze kilichobaki ni kiasi gani, na kilichopungua ukilipe kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo ya vifaa vya simu.

Wallahu a'lam.