Kwa mwanafunzi mpya wa karakana: mteja akisema "nakshi"

Anayeanza kazi kwenye karakana ya milango, Unguja au Lamu, huita nakshi kila kilichokatwa kwenye mbao. Mtaani hakuna atakayekulaumu. Zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba za Lamu, zina nakshi, kanzu yenye darizi kifuani ina nakshi, na msemaji anayepamba maneno huambiwa anatia nakshi. Karakanani neno likilegea, mbao inaharibika na bei inakosewa.

Ukiambiwa "chonga", ondoa mti mpaka umbo lipatikane: mguu wa kiti, mwiko, mtumbwi. "Chora" ni kuweka mstari, na mstari huwekwa hata kwa ncha ya chuma. Basi uliza kama inatakiwa penseli au patasi. Nakshi ni pambo lenyewe, na kwenye milango yetu mara nyingi ni pambo lililoinuka. Hapo ndipo wengi hukwama. Ua haliongezwi juu ya ubao. Unashusha kila kilicho pembeni yake. Kwa hiyo jasho kubwa linaishia kwenye ile sehemu ya chini ambayo hakuna atakayeisifu. Ikiwa na kina tofauti huku na kule, mwanga ukipiga kwa ubavu utaumbuka, hata waridi lako liwe zuri vipi. Bobari, patasi ya mdomo wa mviringo, kwa mapindo, patasi bapa kwa chini, na msasa usiukimbilie: unakula kingo, na bila kingo hakuna kivuli.

Mteja akitaka "mlango wa nakshi", muulize nakshi ikae wapi. Milango mingi ya zamani ya Mji Mkongwe imenakshiwa zaidi kwenye fremu, yaani miimo ya pembeni na kizingiti cha juu, na kwenye mfaa unaoziba mwanya wa katikati. Mbao za mlango zenyewe mara nyingi ni tupu, zimepigwa misumari mikubwa ya shaba tu. Siku hizi wapo wanaotaka kila inchi ijae. Fedha ni yao, ila mimi naona jicho linakosa pa kutulia.

Kizingiti chenye maandishi ya Kiarabu ni habari nyingine. Usikate herufi usiyoisoma. Nukta ya ba ikipanda juu, katikati ya neno, inasomeka nun. Nukta zenyewe ni vijiti vifupi vinavyodondoka kirahisi, kwa hiyo zipe kitako kipana. Anayejua kusoma akague karatasi yenye mchoro wa maandishi kabla hujaibandika, kisha aikague tena ikiwa juu ya ubao, maana karatasi nyepesi huonyesha wino pande zote mbili, na ni rahisi kuibandika kinyume.