Kila Kisukuku Kina Kwao: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mashimo, Mawe na Viumbe wa Kale

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinahusu mambo ya chini ya ardhi. Nimechagua zile zinazogusa jambo ninalolipigania kila mara katika safu hii, yaani kwamba kitu cha kale kikishang'olewa mahali pake bila mtu kuandika kilikotoka, nusu ya habari zake huwa zimepotea, na pengine zote.

*Tulipokuwa tukichimba shimo la choo hapa Kisauni, fundi alitoa jiwe lenye mikunjo kama ubongo pamoja na kombe kubwa lililogandamana na mwamba. Je, bahari iliwahi kufika huku, au vitu hivi vililetwa na mafuriko?*

Bahari ilifika, na ilikaa muda mrefu. Jiwe lako lenye mikunjo ni tumbawe, na mwamba alioutoboa fundi wako ni sehemu ya mwamba wa matumbawe uliojengwa na viumbe hai chini ya maji. Takriban miaka 125,000 iliyopita, katika kipindi cha joto kilichotangulia enzi ya mwisho ya barafu, barafu ya ncha za dunia ilipungua na usawa wa bahari ukapanda mita 6 hadi 9 juu ya ulivyo leo. Matumbawe yakaota juu kufuata maji, na maji yalipopungua yakaachwa nchi kavu. Kisiwa cha Mvita kimekaa juu ya mwamba huo, na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu yake na kujengwa kwa mawe yake. Mkazi wa Mji wa Kale hana haja ya kusafiri kuviona visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhika katika mwamba, kwa kuwa kuta zilizobambuka lipu zimejaa matumbawe na makombe, na baadhi ya mawe hayo yana matundu ya mviringo yaliyotobolewa na kombe wa jamii ya wale wanaochimba makao yao ndani ya mwamba.

Kuhusu mafuriko, jibu limo katika namna vitu vilivyolala. Maji ya kasi huvunja, huviringisha na kuchanganya. Matumbawe ya mwamba huu kwa sehemu kubwa yamekaa wima palepale yalipoota, moja juu ya jingine, na tumbawe kubwa huhitaji mamia ya miaka kufikia unene wake. Kwa hiyo nami nakuuliza: kombe lako lilikuwa na vipande vyake viwili vimefungana, au kipande kimoja tu? Lilikuwa katika kina gani? Vipande vilivyofungana humaanisha kwamba mnyama alifunikwa karibu na alipoishi, kwa sababu kombe aliyekufa na kusukumwa na mawimbi hutengana upesi. Ikiwa fundi amekwisha kulitupa kifusini, hatutalijua jibu, na choo kinachofuata mtaani kwako kichimbwe kwa uangalifu zaidi.

*Naambatanisha picha ya jiwe. Ni nini hili na lina umri gani?*

Sijui, na hakuna mtu mwaminifu atakayejua. Picha haina kipimo, haina jina la mahali, wala haionyeshi mwamba ulikotoka. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na bado picha za namna hii zinaingia kila juma. Weka rula au sarafu kando ya jiwe, taja mahali na kina, piga picha nyingine ya ukuta wa shimo, kisha uandike upya.

*Mwanangu alifundishwa kwamba shimo la mnyama linaweza kuwa kisukuku. Shimo ni utupu. Utupu unahifadhikaje?*

Mwanao amefundishwa vizuri, na swali lako ndilo bora kuliko yote ya mwezi huu. Shimo likichimbwa katika tope au mchanga, kisha likajazwa na mashapo ya aina nyingine, yale yaliyojaza huganda na kuwa jiwe lenye umbo la shimo lenyewe. Nenda ufuoni Nyali maji yakipwa, utayaona mashimo ya kaa. Nenda kwenye mikoko ya Tudor, utawaona kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakiingia na kutoka katika matundu yao kwenye tope. Kila mchimbaji ana mtindo wake wa kuinamisha, kupinda na kugawa njia zake, na mtaalamu aliyezoea mitindo hiyo anaweza kutambua tabia ya mnyama ambaye hakuacha hata mfupa mmoja.

Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kipindi cha Kambria, kilichoanza takriban miaka milioni 539 iliyopita, hakikuwekewa mpaka wake kwa mfupa wala gamba. Wanajiolojia waliuweka kwa alama za uchimbaji zinazoitwa *Treptichnus pedum*, katika miamba ya Newfoundland nchini Kanada, zilizoachwa na mnyama laini ambaye mwili wake haukuhifadhika. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ilifunikwa na utando wa vijidudu, na wanyama wachache waliokuwapo walipita juu yake au chini yake kidogo tu. Walipoanza kuchimba kwenda chini, maji yenye oksijeni yaliingia katika tope, virutubisho vilivyofukiwa vikarudi juu, na mazingira ya sakafu nzima yakabadilika. Kaa wa Tudor wanaifanya kazi iyo hiyo leo kwa kuupa hewa udongo wa mikoko, na wanaomwaga kifusi mle ili kupata viwanja wanapaswa kujua kwamba wanaziba mapafu ya msitu huo.

Shimo pia huweza kumhifadhi aliyelichimba. Huko Nebraska, Marekani, wafugaji walikuwa wakiona mawe marefu yaliyojisokota kama parafujo, mengine yakizidi urefu wa mtu. Mwaka 1892 mwanajiolojia Erwin Barbour aliyaeleza kuwa mabaki ya sponji, kisha akashikilia kwamba ni mimea. Wengine walibisha kuwa ni mashimo ya wanyama, na hao ndio waliokuwa na haki: ndani ya baadhi ya mawe hayo kuna mifupa ya *Palaeocastor*, mnyama mguguna (mwenye meno ya kutafuna kama panya) wa ukoo wa biva, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na kuta zina alama za meno yake. Mfupa huo ungeletwa mezani peke yake, ungekuwa mfupa wa mguguna tu. Kwa kuwa ulikutwa ndani ya jiwe lililojisokota, ulimaliza ubishi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Afrika Kusini. Katika bonde la Karoo ulipatikana mfereji wa shimo la mnyama, uliojaa mashapo, wa takriban miaka milioni 250. Watafiti waliuchunguza kwa eksirei zenye nguvu bila kuuvunja, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba ndani yake wamelala wanyama wawili wa jamii tofauti kabisa: *Thrinaxodon*, wa ukoo uliowazaa mamalia, na *Broomistega*, mnyama wa jamii ya vyura na salamanda, aliyekuwa na mbavu zilizovunjika na kuanza kupona. Inaelekea mgeni aliyejeruhiwa aliingia kujihifadhi wakati mwenyeji akiwa katika usingizi mrefu wa kiangazi, kisha mafuriko yakawafunika wote. Wanyama hao waliishi mara tu baada ya maangamizi ya miaka milioni 252 iliyopita, yaliyofuta spishi nyingi kuliko maangamizi mengine yote yanayojulikana, na wataalamu wengi wanaona kwamba kuishi chini ya ardhi kuliwasaidia baadhi ya viumbe kuvuka ukame na joto la wakati ule. Fikiria kama mchimbaji angeuvunja mfereji ule kwa nyundo ili atoe fuvu la kuuza.

*Dinosau walichimba mashimo?*

Angalau mmoja. *Oryctodromeus* wa Montana, Marekani, alitangazwa mwaka 2007 baada ya mzazi na watoto wawili kukutwa pamoja ndani ya shimo la takriban miaka milioni 95.

*Fuko wanamaliza mihogo yangu hapa Voi. Nimeambiwa nimwage petroli katika mashimo. Inafaa?*

Haifai, na aliyekushauri hakutakii mema. Petroli hutia sumu udongo utakaoulima msimu ujao na inaweza kukuunguza wewe mwenyewe. Kwanza mtambue mnyama wako. Ukiona vichuguu vidogo vyenye tundu juu, na udongo ukirushwa nje kwa vipindi, yumkini ni fuko wasio na manyoya, ambao makao yao ni nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Hao hawaishi mmoja mmoja. Mwaka 1981 mtaalamu wa wanyama Jennifer Jarvis alionyesha kwamba wanaishi kwa mpangilio unaokaribia ule wa nyuki, jike mmoja tu akizaa na wengine wakichimba, wakilinda na kulea. Kundi moja huwa na makumi ya wanyama, na makubwa kabisa hukaribia 300. Kuziba au kutilia sumu tundu moja hakuligusi kundi lenye mtandao wa njia zinazoweza kufika kilomita kadhaa. Wala usitumaini kuwakosesha hewa: utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaweza kustahimili dakika 18 bila oksijeni kabisa. Vuna mihogo iliyokomaa bila kuiacha ardhini, tumia mitego katika njia zinazopitiwa, na umwite afisa wa kilimo aone shamba. Nakuomba pia usiwachukie kupita kiasi, kwani mnyama mwenye ukubwa wa panya anayeishi zaidi ya miaka 30 ana mengi ya kuwafundisha madaktari.

*Ndugu yangu alipata Changamwe jiwe lenye umbo la konokono aliyejikunja, lenye mbavu. Yupo mtu aliye tayari kulinunua. Tuuze kwa bei gani?*

Msiuze. Maelezo yako yanafanana na amonaiti, mnyama wa bahari wa ukoo wa pweza na ngisi, na miamba ya Changamwe inajulikana kwa visukuku vya aina hiyo vya kipindi cha Jura, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu hivi na inamtaka aliyevigundua atoe taarifa. Msilioshe, msilipake vanishi, msirudi na sururu. Andikeni mahali lilipotoka na mlipeleke kwa maafisa wa Makavazi ya Kitaifa waliopo Ngome ya Yesu. Mnunuzi atawalipa mara moja na kulitenga jiwe na Changamwe milele.

*Je, mnaweza kupima umri wa dinosau kwa kaboni?*

Hapana. Kipimo cha kaboni hufika takriban miaka 50,000 tu, na dinosau ni wa kale kuliko hapo mno.

*Nilisoma kwamba mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita alipatikana Kilifi. Wamejuaje kuwa shimo lilichimbwa na watu, si na nungunungu?*

Shaka yako ni ya haki, kwa sababu nungunungu hukusanya mifupa na kuitafuna, na wanyama wachimbaji huchanganya matabaka hadi kitu cha jana kikaonekana cha kale. Katika pango la Panga ya Saidi udongo uliojaza shimo ulitofautiana na ule uliolizunguka. Mifupa ilikuwa imeungana katika nafasi zake, jambo linaloonyesha kwamba mwili ulifunikwa upesi ungali mzima. Mtoto huyo, aliyekuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani, na kichwa kilionekana kuwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Yote hayo yalijulikana kwa sababu mifupa haikuchomolewa mmoja mmoja. Ilipodhihirika kwamba inamomonyoka, bonge lote la udongo lilifunikwa kwa plasta na kupelekwa maabara, Nairobi kwanza na kisha Hispania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Hadi sasa hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa jamii yetu linalojulikana barani Afrika.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tudor. Nitawapeleka wapi wanafunzi waone visukuku bila gharama?*

Wapeleke Mama Ngina wauone mwamba wa matumbawe ulivyokatika baharini, siku za bamvua, maji yakiwa yamepwa, na uhakikishe saa za kupwa na kujaa kabla ya kuondoka shuleni. Wachukue daftari, penseli na rula. Nyundo zibaki shuleni.