Tumbawe limepauka, bado halijafa

Ndugu, umeuliza kama tumbawe lako la tangini lililogeuka jeupe limekufa. Tumbawe lenye minyiri mirefu yenye ncha za duara, kama ulivyolieleza, ni Euphyllia. Weupe huo ni wa kupoteza mwani unaolilisha. Maadamu nyama bado imefunika mifupa, usilitupe!

Katika tangi dogo kama lako la lita 40 anza kushuku chumvi: maji hupungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Pima uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi (specific gravity). Unaofaa ni 1.025 hadi 1.026. Ukizidi, ushushe kwa siku 2 au 3 kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, si ya bomba yenye klorini. Kushusha ghafla huliumiza zaidi. Joto liwe nyuzi 25 au 26. Lisogeze chini, penye mwanga hafifu na mkondo wa wastani, kisha usilihamishe tena. Naitrati, kirutubisho kinachotokana na uchafu wa tangini, isiwe sifuri. Miligramu 5 kwa lita hulifaa.